Koti jekundu, msalaba mweupe: njia ya kuwa mwanadoria wa ski wa kujitolea

Kwenye mlima wowote wa ski nchini Marekani, pale watu wanapoteleza kwenye theluji kwa vibao virefu miguuni, utawaona wanadoria: koti jekundu, msalaba mweupe mgongoni, mkoba kiunoni, redio kifuani. Mtu akianguka akashindwa kuinuka, hao ndio wanaofika. Humfunga banzi ili kiungo kilichoumia kisisogee, humlaza kwenye sleji na kumteremsha hadi chini kwa nguvu za miguu yao. Kwenye milima mingi, hasa ile midogo na hasa Jumamosi na Jumapili, wengi wao hawalipwi hata senti. Jumatatu wanarudi kufundisha shule, kuendesha malori, kukagua hesabu za watu.

Chama chao kinaitwa National Ski Patrol. Kilianzishwa mwaka 1938, na chanzo chake ni mguu uliovunjika. Miaka miwili kabla yake, wakala wa bima aliyeitwa Charles Minot Dole alianguka akiteleza Stowe, Vermont, akavunjika kifundo cha mguu. Hapakuwa na wa kumwokoa wala chombo cha kumbebea, kwa hiyo wenzake walimburuta hadi chini juu ya bati la kuezekea. Majira hayohayo ya baridi rafiki yake, Frank Edson, alifariki baada ya kuumia kwenye mashindano ya ski. Kutokana na misiba hiyo miwili Dole alianza kupanga watu wa kujitolea, na leo chama kina wanachama zaidi ya 30,000. Kanada nayo ina chama chake cha kujitolea. Ufaransa kazi hii ni ajira kamili yenye cheti chake, kwa hiyo njia ninayoieleza hapa ni ya Marekani.

Nimevaa koti hilo kwa misimu kadhaa, na swali ninaloulizwa mara nyingi ni hili: lazima niwe bingwa wa ski? Hapana. Ski ni usafiri wa kukufikisha kwa mtu. Ukishafika unazivua, unapiga magoti kwenye theluji, na hapo ndipo kazi inapoanza. Nawasihi wanaoanza wauweke mpangilio huo kichwani, kwa sababu wengi huja wakiwa wameugeuza: wanatamani mteremko, huduma ya kwanza wanaichukulia kama kodi ya kulipa ili waruhusiwe kuteleza. Hao huchoka kabla ya msimu wa pili.

Hatua ya 1: Jipime kwenye theluji mbovu

Usijipime siku ya jua na theluji laini. Subiri siku ambayo mlima umeganda barafu, au mvua imenyesha usiku, au ukungu umeficha mti ulio mbele yako. Swali ni moja: unaweza kushuka njia yoyote ya mlima wako polepole, ukasimama pale unapotaka, kushoto na kulia, bila kumparamia mtu? Kasi haitazamwi, wala madoido.

Kuna mazoezi mawili ninayowapa wote wanaoniuliza. La kwanza ni kuteleza kiubavu. Unaziweka ski mbili zikikatiza mteremko, unalegeza kingo zake, na mwili unashuka moja kwa moja kama kitu kinachoteremshwa kwa kamba. Chagua mteremko mkali na uushuke wote hivyo, kwenye ukanda usiozidi upana wa gari, bila kusogea mbele wala nyuma. Kisha geuka upande wa pili urudie. Karibu kila mtu ana upande mmoja mzuri na mmoja mbovu. Shughulika na ule mbovu.

La pili ni kabari: visigino nje, ncha za ski zikikaribiana, ule mtindo ambao watoto hufundishwa siku ya kwanza. Watelezaji wazoefu huona aibu kuufanya. Uone fahari, kwa sababu utakapokuwa na mtu mzima kwenye sleji nyuma yako, kabari ndiyo breki yako.

Wanaotumia ubao wa theluji wanapokelewa pia, na hupimwa kwa kigezo hichohicho cha udhibiti. Kama bado hujafika kiwango hicho, chukua masomo msimu mmoja. Milima mingi pia ina nafasi kwa mtu wa huduma ya kwanza asiyevuta sleji, kuna doria za ski za nyika kwa wale wa njia tambarare za msituni, na mingine ina doria za baiskeli wakati wa kiangazi. Vijana wa miaka 15 hadi 17 wana mpango wao ndani ya chama.

Hatua ya 2: Bisha hodi kibandani kabla theluji haijayeyuka

Wengi hukosea hapa. Wanapata hamu Desemba, theluji ya kwanza inapoanguka, na wakati huo kozi ya mwaka imekwisha au inaelekea kwisha. Mtihani wa kuteleza unahitaji theluji, na kozi ya huduma ya kwanza huanza mwishoni mwa kiangazi. Basi mwezi wako ni Februari au Machi. Nenda kwenye kibanda cha doria, siku isiyo na msongamano, asubuhi au jioni. Jumamosi saa sita mchana hutapata mtu wa kukusikiliza, na pengine hutapata hata pa kusimama.

Mwombe mkuu wa doria au msimamizi wa mafunzo uzungumze naye, kisha omba kufuatana na mwanadoria mmoja kwa siku nzima. Siku hiyo itakufundisha zaidi ya maelezo yangu yote. Utaona ni muda gani wanakaa bila tukio lolote, wakikaza kamba na kuhamisha alama za mianzi, na jinsi wanavyosimama wote kwa pamoja redio inapokoroma.

Uliza mambo haya bila haya. Zamu ngapi kwa msimu? Kila mlima una hesabu yake, na siku 15 au 20 si ajabu. Je, unaweza kuchagua siku, au umepangiwa kila Jumamosi ya pili hata kama ni sikukuu? Nani analipia kozi, kitabu, ada ya chama na koti? Familia yako inapata pasi ya lifti, yaani vile viti vya kwenye kamba vinavyopandisha watu mlimani? Kujitolea hakuna mshahara lakini kuna gharama, na ni vizuri mwenzi wako nyumbani azijue kabla hujatia sahihi. Nimeona watu wazuri wakiacha kwa sababu nyumbani hakukuwa na makubaliano.

Hatua ya 3: Kozi ya huduma ya dharura

Kozi inaitwa Outdoor Emergency Care; kibandani kila mtu anasema OEC. Tenga takribani saa 100. Kitabu chake ni kinene, sehemu ya masomo husomwa mtandaoni, na jioni au mwisho wa wiki mnakutana kwa vitendo. Mwishoni kuna mtihani wa kuandika na mtihani wa vitendo. Sambamba nayo unahitaji cheti cha kuhuisha moyo na mapafu cha kiwango cha waokoaji, pamoja na mashine ya kushtua moyo. Manesi na wahudumu wa ambulensi mara nyingi huwekewa njia fupi, lakini nao wanapaswa kuonyesha kwamba wanaweza kufanya kazi ile bila kitanda, bila taa, wakiwa na vidole vilivyokufa ganzi.

Mtajifunza mambo mengi, lakini mlima una majeraha yake ya kila siku: goti lililojipinda hadi kano zikachanika, bega lililochomoka, kifundo cha mkono kwa watu wa ubao wa theluji, kidole gumba kilichonaswa na fimbo, mtikisiko wa ubongo. Mara moja moja huja mfupa wa paja, mgongo, au moyo uliosimama kwa mzee aliyekuwa anaburudika na wajukuu wake. Jifunze haya ya kila siku mpaka mikono iyajue yenyewe, ili akili ibaki huru kwa yale ya nadra.

Nikueleze mfano mmoja kwa karibu, kwa sababu ndivyo mtihani wa vitendo ulivyo na ndivyo mlima ulivyo. Msichana amekaa kwenye theluji, ameshika goti. Kabla ya kumgusa unatazama juu: kuna mtu anashuka kwa kasi kuelekea hapa? Unavua ski na kuzisimika zikipishana kama herufi X, hatua kadhaa juu yenu. Kila mtelezaji anajua maana yake. Unapiga magoti upande anaoweza kukuona bila kugeuza shingo. Unajitambulisha kwa jina, unasema wewe ni mwanadoria, unaomba ruhusa ya kumsaidia. Anavyokujibu tayari kunakueleza mengi: anapumua, ana fahamu, anaelewa alipo au haelewi.

Unamuuliza kilichotokea, wapi panauma, kama ana mzio, anatumia dawa gani, ana ugonjwa wowote, alikula saa ngapi. Unampapasa kuanzia kichwani hadi miguuni, hata kama anasisitiza kwamba ni goti tu. Katika mtihani wangu wa majaribio niliruka hapo. Nilikuwa na hamu ya kuonyesha banzi langu zuri. Mwalimu aliniacha nikalifunga lote, mkanda kwa mkanda, kisha akasema kwa upole, "Alipiga kichwa kwenye barafu. Hukumuuliza." Tangu siku ile sijawahi kuanza na mahali panapouma.

Kabla ya kufunga banzi unaangalia mambo matatu upande wa chini ya jeraha: damu inafika, anahisi ukimgusa, anaweza kuchezesha vidole. Buti ya ski kwa kawaida haivuliwi pale mlimani, maana ni ngumu na inashikilia kifundo, kwa hiyo unamwomba achezeshe vidole ndani yake. Ukimaliza kufunga unaangalia tena mambo yaleyale matatu. Hilo la pili ndilo watu husahau, na mtihani huwa unalingojea.

Muda wote huo, zungumza. Mwambie unachofanya kabla ya kukifanya. Kiingereza hakina neno la kutosha kwa "pole" yetu, na nimejikuta mara nyingi nikilitafuta pale kwenye theluji. Ninachofanya badala yake ni kuweka mkono begani na kukaa kimya sekunde mbili. Mtu aliyeumia anahitaji kujua kwamba aliyefika hana mpango wa kuondoka.

Dondoo ndogo ambazo hutazikuta kitabuni: vaa glovu za mpira chini ya glovu za baridi kabla hujafika, kwa sababu mkono wenye unyevu hauingii kwenye mpira wakati wa baridi kali. Weka bendeji za pembetatu mfukoni, zikiwa zimeshakunjwa. Mkasi ufunge kwa uzi, theluji hula mikasi.

Hatua ya 4: Sleji

Msimu ukianza unakuwa mwanagenzi, na sleji ndiyo itakayokula siku zako nyingi. Ni chombo kirefu chenye umbo la mtumbwi. Mbele kina mipini miwili mirefu, nawe unasimama katikati yake. Chini ya pua kuna mnyororo: ukiishusha mipini, mnyororo unakwaruza theluji na kupunguza mwendo. Nyuma kuna kamba ya mkia, ambayo kwenye mteremko mkali hushikwa na mwanadoria wa pili.

Unaanza na sleji tupu kwenye mteremko mpole. Kabari, kiubavu, kabari, kubadilisha upande. Sleji tupu ni mkaidi, inarukaruka na kukugonga visigino. Kisha mwenzako analala ndani, na kila kitu kinabadilika: sasa kuna uzito unaokusukuma mgongoni, na ukikosea kidogo unaongezeka. Baadaye mnahamia kwenye barafu, kwenye matuta, kwenye njia kali kuliko zote. Kosa la kawaida ni kutaka kushindana na uzito huo kwa mikono. Mikono hushika tu mipini. Kazi ni ya mapaja na ya kingo za ski, na ndiyo maana miezi ya Septemba na Oktoba ni ya kupanda ngazi na kuchuchumaa mpaka magoti yalalamike.

Anayeshika kamba ya mkia ana kazi nzito kuliko inavyoonekana. Kamba isilegee wala isivute, na macho yake yako kwenye pua ya sleji daima. Wa mbele akianguka, wa nyuma ndiye peke yake anayesimama kati ya mgonjwa na bonde.

Halafu kuna somo ambalo naliona kubwa kuliko yote: omba kulazwa wewe. Ukifungwa mikanda ukiwa chali, turubai limekufunika hadi kidevuni, huoni chochote ila anga na ncha za miti zinazopita. Theluji inanguruma chini ya uti wa mgongo wako. Kila mtikisiko mdogo unahisi kama kuanguka. Hujui uko wapi, hujui nani anakuvuta, hujui kama amechoka. Baada ya kulala mle mara moja utaanza kugeuza shingo kila baada ya muda na kusema, "Tuko sawa, bado dakika mbili, sasa tunakata kushoto." Wakufunzi wanaweza kukueleza hilo kwa maneno, lakini mwili haulielewi mpaka ulale.

Kuhusu namna ya kumlaza mgonjwa, kanuni ya kawaida ni kwamba sehemu iliyoumia inaelekea upande wa juu wa mlima. Mguu ukiumia, kichwa kinatangulia chini. Kichwa au kifua kikiumia, au mtu akipumua kwa shida, kichwa kinabaki juu. Mlima wako unaweza kuwa na utaratibu wake, na huo ndio utaufuata.

Hatua ya 5: Kamba, lifti, redio na theluji inayoporomoka

Lifti ikikwama na injini ya akiba ikigoma, watu waliokaa hewani huteremshwa mmojammoja kwa kamba. Zoezi hilo hufanywa kabla ya msimu. Jifunze mafundo yake nyumbani ukiwa umefumba macho.

Kwenye redio sema kwa ufupi: wewe nani, uko njia gani na usawa upi, umri wa mgonjwa, jeraha, unahitaji nini. Usitaje jina lake, maana redio inasikika na wengi.

Kama mlima wako una hatari ya maporomoko, hasa kwenye milima ya magharibi, utahitaji mafunzo ya ziada na vitu vitatu mwilini: kifaa cha kutoa na kupokea mawimbi ya kilohezi 457, fimbo ndefu ya kuchomea theluji, na koleo. Aliyefukiwa ana matumaini makubwa akipatikana ndani ya dakika 15 hivi za mwanzo. Baada ya hapo matumaini hushuka kwa kasi ya kutisha, ndiyo maana anayesaidia ni yule aliye karibu na mwenye vifaa. Kazi ya baruti ya kuangusha theluji makusudi kwa kawaida ni ya wanadoria wanaolipwa.

Hatua ya 6: Zamu

Siku yako itaanza kabla ya umma kuingia. Unapanda lifti kungali na giza la alfajiri, unakagua kila sleji: blanketi kavu lipo, mabanzi yapo, mikanda inafungika, oksijeni imejaa pale inapowekwa. Unapita kila njia kabla haijafunguliwa, unasimika mianzi penye jiwe lililojitokeza au mtaro mpya, unafunga kamba pasipopitika.

Mchana kutakuwa na mazungumzo mengi kuliko damu. Utamwonyesha mzazi njia rahisi ya kurudi chini, utamwomba kijana apunguze mwendo. Hapo ongea naye kama ndugu. Mtu aliyefokewa hutoka amekasirika na huendelea kukimbia vilevile.

Kisha jioni kuna kufagia mlima, sehemu ninayoipenda kuliko zote. Lifti imesimama, wanadoria wamegawana njia, na wote wanashuka kwa mwendo mmoja. Kila baada ya hatua fulani unasimama, unapaza sauti kuelekea msituni kwamba mlima unafungwa, halafu unanyamaza na kusikiliza. Usikilizaji huo usiufanye kwa mazoea. Zima hata mkwaruzo wa koti lako. Unatafuta sauti ya mtu aliyegonga mti saa tisa alasiri na hajaonekana tangu hapo. Njia ikiwa tupu, unatangaza kwa redio kwamba ni safi, na hakuna mwanadoria anayekwenda nyumbani mpaka njia ya mwisho itangazwe.

Hatua ya 7: Baada ya siku mbaya, na kila mwaka

Itafika siku ambayo utafanya kila kitu sawasawa na mtu atafariki. Nalisema sasa ili usije ukadhani ni wewe tu. Baada ya tukio kama hilo doria hukaa pamoja na kulizungumza. Kaa nao. Usikimbilie gari. Ukiona wiki mbili zimepita na bado hulali, mweleze mkuu wako, utafutiwe mtu wa kuzungumza naye. Wanadoria wenye miaka mingi kazini ninaowaheshimu zaidi wote wamewahi kufanya hivyo.

Cheti hakikai bila kutunzwa. Kila mwaka kabla ya theluji kuna siku ya marudio, na kitabu kizima hupitiwa kwa mzunguko wa miaka mitatu. Cheti cha kuhuisha moyo nacho, mazoezi ya lifti na ya sleji, yote hurudiwa. Wakikuita kwa marudio yako ya kwanza, nenda na mkoba wako wa kiunoni umeumwaga wote mezani usiku uliotangulia: bendeji zilizolowa Machi zitakuwa zimeshika kutu kwenye pini, na glovu za mpira zitakuwa zimepasuka.